Seli T hatari huuawa kwenye thaimasi. Sasa CTLA-4 na PD-1 ni za nini?

#1 | Swali Fupi
Wakuu, kuna jambo linanikereketa tangu nianze kusoma kinga ya mwili. Vitabu vinasema seli T (chembe nyeupe za damu za kinga) zikiwa zinakomaa ndani ya tezi ya thaimasi iliyo kifuani hupitishwa kwenye mchujo: ile inayoshika protini za mwili wenyewe kwa nguvu mno huuawa hapo hapo. Kuna hadi jeni iitwayo AIRE inayozifanya seli za thaimasi zitengeneze protini za kongosho, za tezi ya shingo na za macho, ili seli T changa zioneshwe mapema vitu ambavyo hazitakiwi kuvigusa.

Sasa kama mchujo ni mkali hivyo, kwa nini seli iliyofaulu itembee na vipokezi vya kuizuia kama CTLA-4 na PD-1? Ama mchujo wa thaimasi umetiwa chumvi, ama vipokezi hivi vina kazi nyingine kabisa na habari ya uvumilivu wa kinga, yaani kinga kutoushambulia mwili wenyewe, imebandikwa baadaye. Mimi naelemea upande wa pili. Njooni mnibomoe.

#2 | Mtoto wa Juzi
Nipo siti ya mbele. Nina mtihani wa mada hii, kwa hiyo andikeni kwa mpangilio nisipate tabu kunakili.

#3 | Fundi Darubini
Mleta mada, thaimasi inavuja, tena sana. Chukua damu ya mtu mzima asiyeumwa chochote, utakuta seli T zinazotambua protini za kongosho, za tezi ya shingo, hata za ala inayofunika mishipa ya fahamu. Zilipita kwa sababu mshiko wake ulikuwa wa wastani, au kwa sababu protini husika haikuoneshwa vya kutosha kule ndani. Na huwezi kukaza mchujo upendavyo. Kipokezi cha seli T kinachoshika kipande cha kirusi mara nyingi hushika kidogo na kipande cha mwili. Ukiua kila kinachoshika kidogo, unabaki na seli chache zisizotambua kitu.

Ushahidi mwingine ni wa panya. Mwaka 1995 makundi mawili ya watafiti yalitoa taarifa za panya walioondolewa jeni ya CTLA-4. Walizaliwa wazima. Wakiwa na umri wa wiki 3 hadi 4 walikuwa wanakufa, tezi za limfu na wengu vimevimba, seli T zimejaa ndani ya moyo na kongosho. Hakuna aliyewaambukiza kitu. Kama hiyo si kazi ya uvumilivu, basi nielezwe uvumilivu ni nini.

#4 | Kichwa Ngumu
Fundi Darubini kasema "hakuna aliyewaambukiza kitu". Sawa, lakini panya huyo ana utumbo uliojaa bakteria, na anavuta hewa. Kutoambukizwa kwa makusudi si sawa na kutokuwa na vijidudu.

Mimi nasimama na mleta mada. Vipokezi hivi vipo ili kuzima moto baada ya maambukizi. Seli T moja ikiamshwa huzaa maelfu kwa maelfu ndani ya siku chache, na zisipozimwa zitaharibu ini na mapafu kuliko hata kirusi kilichozileta. Angalia PD-1: seli T ambayo haijawahi kuamshwa karibu haina PD-1 juu yake. Inajitokeza saa chache baada ya kuamshwa. Sasa kitu kinachofika baada ya ugomvi kuanza utasemaje kiliwekwa kuzuia ugomvi usianze?

Na kuna jaribio la mwaka 2006 la kirusi cha LCMV, ile aina inayokaa mwilini muda mrefu. Panya wa kawaida walioambukizwa waliishi nacho, seli T zao zikiwa zimechoka na zimejaa PD-1. Panya wasio na PD-L1, yaani kile ambacho PD-1 hukishika, walikufa. Hawakuuliwa na kirusi, waliuliwa na seli T zao. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

#5 | Swali Fupi
Kichwa Ngumu, umenisemea.

#6 | Nesi wa Zamu
Mnabishana kwa panya wakati jaribio limeshafanyika kwa watu. Nafanya kazi wodi ya saratani. Tangu ipilimumab iidhinishwe mwaka 2011, na pembrolizumab na nivolumab mwaka 2014, tunaondoa breki hizi kwa binadamu kila siku. Ipilimumab inaziba CTLA-4, hizo nyingine mbili zinaziba PD-1. Tunachokiona baadaye ni upele, kuhara, vimeng'enya vya ini kupanda, tezi ya shingo kuzimika, mapafu kuvimba, tezi ya pituitari kuacha kutoa homoni. Mgonjwa hana maambukizi yoyote. Alikuwa anaumwa melanoma (saratani ya ngozi) tu, leo mwili unajishambulia.

Takwimu za jaribio kubwa la melanoma lililochapishwa mwaka 2015: waliopewa nivolumab peke yake, karibu 16 kati ya 100 walipata madhara makali yatokanayo na dawa. Ipilimumab peke yake, 27. Zote mbili pamoja, 55. Breki mbili zikitolewa kwa mpigo, zaidi ya nusu wanaumia vibaya. Kichwa Ngumu, hiyo utaiita faida ya pembeni?

#7 | Bi Tausi
Wanangu habari za leo. Mimi si mtaalamu, nimeletwa huku na maneno ya huyo nesi. Mume wangu alipewa dawa zote mbili kwa pamoja. Baada ya dozi za mwanzo akaanza kuharisha, sisi tukadhani ni chakula, tukanyamaza. Kuja kusema, utumbo mpana umeshavimba na damu inatoka. Wakampa stiroidi nyingi, haikutosha, wakaongeza infliximab, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ndipo ukatulia. Dawa za saratani zikasimamishwa. Cha ajabu uvimbe uliendelea kusinyaa hata baada ya kuacha.

Swali langu: kwa nini utumbo? Kwa nini si figo, si moyo? Kila nikiuliza naambiwa "ni kinga tu mama".

#8 | Mtoto wa Juzi
Shikamoo bibi, na pole sana kwa kuuguza. Swali lako ni gumu kuliko la mleta mada.

#9 | Binti Limfu
Marahaba kwa niaba ya Bi Tausi, haha. Pole mama.

Jibu fupi ni kwamba hakuna jibu moja. Utumbo ndio mahali ambapo seli T zinakutana na bakteria wasio na idadi kila dakika na zinatakiwa zinyamaze. Uvumilivu pale haukujengwa kwenye thaimasi, unajengwa upya kila siku papo hapo, na CTLA-4 iko katikati ya kazi hiyo. Ndiyo maana ukiiziba, utumbo ni miongoni mwa vya kwanza kulia.

Pituitari ina maelezo mengine tofauti kabisa. Seli zake zenyewe hubeba CTLA-4 kidogo, kwa hiyo ipilimumab, ambayo ni kingamwili, inaweza kuzishika moja kwa moja na kuvuta mashambulizi juu yake. Hapo si suala la seli T kufunguliwa tu. Kwa hiyo viungo viwili, dawa ile ile, sababu mbili.

#10 | Fundi Darubini
Ongeza moyo hapo, maana moyo unanisaidia mimi.

Uvimbe wa misuli ya moyo kwa wanaotumia dawa hizi ni nadra, chini ya mtu 1 kati ya 100, lakini unaua sehemu kubwa ya wanaoupata. Watafiti waliuliza seli T zilizoingia moyoni zinatambua nini. Kwenye panya, mwaka 2022, jibu likawa alfa-mayosini, protini ya misuli ya moyo, na seli T zinazoitambua zikaonekana pia kwa wagonjwa. Sasa sikilizeni: mwaka 2011 ilishaoneshwa kwamba seli za thaimasi zinazofanya kazi ya kuonesha protini za mwili hazitengenezi alfa-mayosini, si za panya si za binadamu. Kwa hiyo kila mmoja wetu anatembea na seli T za kushambulia moyo ambazo hazijawahi kuchujwa, na wengi wetu tutazeeka nazo bila kujua.

Mleta mada aliuliza breki za nini. Za hiyo.

#11 | Kichwa Ngumu
Hoja nzuri, nimeikubali kwa moyo (kwa kiungo, namaanisha). Lakini imekugeukia. Kama wote tuna seli hizo na PD-1 ndiyo inayozishika, mbona ukiiziba PD-1 anaumia chini ya mmoja kati ya mia? Hao 99 wanashikwa na nini?

Na panya wa PD-1 wanasema hivyo hivyo. Wale wa ukoo wa C57BL/6, kundi la mtafiti Honjo liliripoti mwaka 1999, walipata ugonjwa unaofanana na lupasi (mwili kujishambulia sehemu nyingi), tena polepole wakiwa wamezeeka. Wa ukoo wa BALB/c, mwaka 2001, walipata moyo uliotanuka, na kingamwili dhidi ya troponini, protini ya moyo. Jeni iliyoondolewa ni moja. Magonjwa mawili. Mwenye kuamua ni ukoo, PD-1 inafungua mlango tu.

#12 | Binti Limfu
Hao 99 wanashikwa na breki nyingine. Vipokezi hivi vinabebana. LAG-3, kipokezi kingine cha kuzuia, ukiiondoa peke yake kwa panya wa kawaida huoni makubwa. Ondoa LAG-3 na PD-1 pamoja, panya wa BALB/c wanakufa mapema kwa uvimbe wa moyo. Mwaka 2011 hiyo. Panya waliopoteza nusu ya CTLA-4 pamoja na PD-1 yote nao moyo uliwaua. Ukipima kila kipokezi peke yake utasema hakina kazi, kumbe mwenzake amekifunikia.

#13 | Sumaku
Mnaulizana "za nini" kabla ya kuulizana "zinafanyaje". Mkianza na la pili, nusu ya ubishi huu utaisha.

Seli T ili iamke inahitaji ishara mbili. Ya kwanza kutoka kwa kipokezi chake kikishika antijeni, yaani kipande cha protini kinachotambuliwa. Ya pili kutoka CD28, kipokezi kingine cha seli T, ikishika protini CD80 au CD86 juu ya seli inayoonesha antijeni. Ikipata ya kwanza bila ya pili, mara nyingi inakufa ganzi, haitajibu hata ikioneshwa tena. Uvumilivu mwingi wa nje ya thaimasi unaanzia hapo, na hapo ndipo breki zote mbili zinapogusa.

PD-1 ina mkia ndani ya seli. Ikishika PD-L1, tirosini mbili za mkia huo zinapachikwa fosfati, kimeng'enya SHP-2 kinakuja kujishikiza, kinaanza kuondoa fosfati kwenye protini za jirani, ishara inakatika. Mwaka 2017 ilioneshwa kwamba kinachopigwa zaidi ni CD28 kuliko kipokezi cha antijeni chenyewe.

CTLA-4 ni mnyama mwingine. Inashika CD80 na CD86 zile zile za CD28, kwa nguvu kubwa zaidi. Na haiishii kuzishika: mwaka 2011 ilioneshwa inazing'oa kutoka seli ya pili, inazimeza, zinaharibiwa ndani. Seli inayoonesha antijeni inabaki haina cha kumpa CD28. Kwa hiyo moja inakata ishara ndani ya seli T, nyingine inamaliza kinachozaa ishara nje. Kuziita zote "breki" ni kurahisisha kupita kiasi.

#14 | Mpita Njia
Nimetoka kapa. Mwenye kufupisha?

#15 | Sumaku
PD-1 inamzuia aliyeibeba. CTLA-4 inawazuia na wengine.

#16 | Fundi Darubini
Hilo la "na wengine" ndilo lenye uzito. Kuna jaribio ambalo kila mtu huku angelijua tungebishana kidogo: chukua uboho wa panya asiye na CTLA-4, changanya na wa panya wa kawaida, pandikiza kwa panya mmoja. Anakuwa na seli T za aina mbili, nusu hazina CTLA-4. Kwa hesabu ya kawaida hizo nusu zingemuua. Hazimuui. Zinakaa zimetulia kwa sababu jirani zao wenye CTLA-4 wapo.

Jirani gani? Seli T simamizi, zinazotuliza seli nyingine za kinga, zenye protini FOXP3. Hizi hubeba CTLA-4 muda wote, hazisubiri kuamshwa. Kundi la mtafiti Sakaguchi liliiondoa CTLA-4 kwenye seli simamizi peke yake mwaka 2008, panya wakaugua na kufa, ingawa walichelewa kidogo kuliko wale wa 1995. Kichwa Ngumu, umesema breki inakuja baada ya ugomvi kuanza. Kwa seli T za kawaida ni kweli. Kwa seli simamizi ilikuwepo kabla.

#17 | Kichwa Ngumu
Basi tuseme ukweli: uvumilivu ni kazi ya seli simamizi, na CTLA-4 ni kifaa chao tu. Ukiondoa FOXP3 yenyewe, panya anakufa vile vile na CTLA-4 yake ikiwa mahali pake kwenye seli nyingine. Watoto wa kiume wanaozaliwa na hitilafu ya FOXP3 wanapata kisukari, kuhara na upele tangu wachanga. Tuzo ya Nobel ya 2025 ilienda kwa nani? Brunkow, Ramsdell na Sakaguchi, kwa seli simamizi. Uzi huu ungebadilishwa kichwa.

#18 | Mtoto wa Juzi
Na ya 2018 alipewa Honjo kwa kugundua CTLA-4. Nimeandika kwenye daftari tayari.

#19 | Nesi wa Zamu
Futa kijana. Honjo ni PD-1, kundi lake liliiripoti mwaka 1992. Aliyeshirikiana naye tuzo ni Allison, na naye CTLA-4 hakuigundua, maana jeni yake ilielezwa mwaka 1987 na kundi la Golstein kule Ufaransa. Allison ni miongoni mwa walioonesha katikati ya miaka ya 1990 kwamba inazuia, wakati wengine walidhani inachochea, kisha akaonesha kwamba ukiiziba panya anamaliza uvimbe wa saratani.

#20 | Mtoto wa Juzi
Asante nesi. Daftari limejaa mikato kama ramani.

#21 | Pweza
Habari wakuu. Nina kisukari aina ya kwanza tangu utotoni, nasoma huu uzi kama barua niliyoandikiwa. Daktari aliwahi kuniambia seli T zangu ziliua seli za insulini. Je, PD-1 yangu ilikuwa mbovu? Na mbona kongosho halikujitetea?

#22 | Binti Limfu
Pweza, kongosho hujitetea. Seli zake za insulini zikishambuliwa huongeza PD-L1 juu yake. Panya wa ukoo wa NOD, ambao hupata kisukari wenyewe, ukiwaziba PD-1 au PD-L1 wanakipata upesi mno. Na kwa binadamu, kiasi cha mtu 1 kati ya 100 wanaopewa dawa za kuziba PD-1 hupata kisukari cha ghafla, insulini inaisha kabisa. Mwaka 2024 wakaelezwa ndugu wawili waliozaliwa bila PD-L1: wote kisukari aina ya kwanza, tangu wakiwa wachanga.

Lakini kwa watu wengi wenye ugonjwa wako PD-1 ni nzima. Uzito mkubwa wa kurithi uko kwenye jeni za HLA, ambazo zinaamua ni vipande gani vya protini vinaoneshwa kwa seli T. Tofauti ndogo kwenye jeni ya CTLA-4 nazo huongeza hatari, ila kidogo. Mtu akikwambia "breki yako mbovu" anakurahisishia mno.

#23 | Pweza
Asante dada. Nilitaka nimlaumu mtu, sasa sijui nimlaumu nani.

#24 | Kichwa Ngumu
Hao ndugu wawili mbona hawana lupasi, hawana moyo uliovimba? PD-L1 haipo kabisa, na mwili mwingi uko salama. Nawauliza tu.

#25 | Sumaku
PD-1 ina kishikio cha pili, PD-L2. Huenda kinaziba pengo. Na kabla hujauliza: ndiyo, mtoto aliyezaliwa bila PD-1 yenyewe aliugua zaidi. Alielezwa mwaka 2021. Alikuwa na kisukari na magonjwa mengine ya mwili kujishambulia, na juu ya hayo kifua kikuu.

#26 | Mpita Njia
Kifua kikuu tena? Si breki imetolewa? Kinga yake ingekuwa kali zaidi, bakteria angepona wapi?

#27 | Mzee Kobe
Ndiyo maana nacheka ninapoona matangazo ya vidonge vya "kuongeza kinga". Kuongeza kinga ipi? Ya huyo mtoto ilikuwa imeongezwa kweli kweli.

#28 | Fundi Darubini
Mpita Njia, umegusa jambo lililowashangaza wengi. Panya wasio na PD-1 wakiambukizwa kifua kikuu hufa mapema kuliko panya wa kawaida, na kuna wagonjwa wa saratani ambao kifua kikuu kiliwaamkia baada ya kupewa dawa ya kuziba PD-1. Maelezo moja ni kwamba seli T zinamwaga gama-intaferoni, kemikali ya kuchochea kinga, kupita kiasi na kuharibu mapafu, na bakteria ananeemeka ndani ya uharibifu huo. Lakini yule mtoto wa 2021 alikuwa kinyume: seli zake zilitoa gama-intaferoni kidogo mno. Matokeo yanafanana, njia hazifanani. Mimi mwenyewe sipendi maelezo yenye milango miwili, ila ndivyo yalivyo.

#29 | Kichwa Ngumu
Asante kwa kunipa pointi. Kifua kikuu ni maambukizi. PD-1 inalinda mapafu wakati wa maambukizi. Tumerudi kwenye bandiko namba 4.

#30 | Binti Limfu
Hujarudi peke yako, umemburuta na mtoto mwenye kisukari. Kisukari si maambukizi.

#31 | Mzee Kobe
Kwa wanaodhani kinga ni kitu cha kuchezea: Machi 2006, London, vijana 6 walijitolea kupewa TGN1412, kingamwili iliyobonyeza CD28 kwa nguvu, yaani ile ishara ya pili aliyoieleza Sumaku, bila kungoja ya kwanza. Kipimo kilikuwa sehemu moja kati ya 500 ya kile kilichoonekana salama kwa wanyama. Ndani ya saa chache wote sita walikuwa taabani, viungo vinagoma kimoja baada ya kingine. Walipona wote, lakini si wote walitoka wazima. Nyani wa majaribio hawakuonesha hatari kwa sababu seli T zao za kumbukumbu za aina iliyohusika hazibebi CD28 kama zetu.

#32 | Nesi wa Zamu
Kweli mzee. Ila upande wa pili wa CD28 umetupa dawa. Abatacept ni kipande cha CTLA-4 kilichounganishwa na kingamwili: kinakwenda kuzifunika CD80 na CD86, CD28 inakosa pa kushika. Iliidhinishwa mwaka 2005 kwa baridi yabisi. Ndugu yake belatacept, mwaka 2011, kwa waliopandikizwa figo.

Na kuna watu wanaozaliwa na nakala moja tu nzima ya jeni ya CTLA-4. Walielezwa mwaka 2014: utumbo kuvimba, mapafu kujaa seli T, chembe za damu kushambuliwa. Wengine wana hitilafu ya LRBA, protini inayoiokoa CTLA-4 isiharibiwe ndani ya seli. Kwao, kuwapa abatacept ni kama kuwarudishia walichokosa, na kuna waliopata nafuu kubwa.

Cha kutafakari ni kwamba ndani ya familia moja, hitilafu ile ile, mmoja yuko hoi na mwingine yuko shambani analima hana habari.

#33 | Swali Fupi
Hilo la familia moja ndilo linalonifanya nisikubali jibu la Fundi lote. Kama CTLA-4 ndiyo nguzo ya uvumilivu, nusu yake ikikosekana tungetegemea kila mwenye hitilafu augue. Wengine wako salama. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachoanzisha, na Kichwa Ngumu atasema ni maambukizi.

#34 | Kichwa Ngumu
Ni maambukizi.

#35 | Fundi Darubini
Au bakteria wa utumbo, au jeni nyingine, au bahati ya seli T zipi zilivuja kwenye thaimasi ya huyu na si ya yule. Hata mapacha wanaofanana hawana vipokezi vya seli T vinavyofanana, kwa sababu vinaundwa kwa kukata na kuunga jeni kiholela katika kila seli. Watu wanasahau hilo. Mimi naipa uzito hiyo ya mwisho, na sitakuficha kwamba ni kwa sababu inaniacha na thaimasi inayovuja.

#36 | Sumaku
Nitie doa na mimi kwenye hadithi yangu mwenyewe kabla Kichwa Ngumu hajafika. Mwaka 2018 panya waliondolewa SHP-2 ndani ya seli T. Kama maelezo ya vitabu ni kamili, PD-1 ingekosa mkono. Seli zao bado zilichoka kwenye maambukizi ya muda mrefu, na bado dawa ya kuziba PD-1 iliwafanyia kazi. Kuna njia nyingine, labda kimeng'enya ndugu yake SHP-1, labda zaidi.

Na jambo jingine tamu: CD80 na PD-L1 zikiwa juu ya seli moja hushikana zenyewe kwa zenyewe, na PD-L1 iliyoshikwa hivyo haifiki kwa PD-1. CTLA-4 ikizing'oa CD80, PD-L1 inaachwa huru. Kwa hiyo CTLA-4 inaikazia PD-1. Mnaotaka kuzipa kila moja kazi yake, moja uvumilivu nyingine maambukizi, mtapata shida.

#37 | Bi Tausi
Wanangu nimesoma yote, mengine yamenipita juu. Niulize la kwangu: wanasema saratani ikirudi wanaweza kumrudishia mume wangu dawa moja, ya PD-1 peke yake. Utumbo utaanza tena?

#38 | Nesi wa Zamu
Mama, hiyo ni ya kukaa na daktari wake aliye na majibu ya vipimo. Kwa ujumla, aliyevimba utumbo kwa sababu ya ipilimumab harudishiwi dawa hiyo kwa urahisi. Dawa ya PD-1 peke yake wapo wengi waliorudishiwa bila utumbo kurudi, na wapo uliowarudia. Uliza kama wataangalia utumbo kwa kamera kabla ya kuanza, na safari hii akiharisha hata kidogo msingoje.

#39 | Bi Tausi
Nimekuelewa mwanangu. Ubarikiwe.

#40 | Pweza
Sumaku, kama kuziba PD-1 kunaleta kisukari, kwa nini wasitengeneze dawa ya kuibonyeza badala ya kuiziba? Kwa watu kama mimi.

#41 | Sumaku
Wamejaribu. Peresolimab ni kingamwili inayoichochea PD-1, matokeo yake kwa baridi yabisi yalichapishwa mwaka 2023 na yalionesha nafuu katika awamu ya pili ya majaribio, lakini kampuni ikaiacha. Ugumu ni kwamba kuziba ni rahisi, unafunika tu. Kubonyeza kunataka PD-1 ikutane na kipokezi cha antijeni pale pale vinapogusana seli mbili, na kingamwili inayoelea haichagui pa kwenda. Kwa kisukari kuna tatizo la ziada: anapogundulika, seli nyingi za insulini zimeshakufa. Ndiyo maana teplizumab, iliyoidhinishwa mwaka 2022, hupewa kabla ugonjwa haujajitokeza wazi. Hiyo hata haigusi PD-1, inagusa CD3, protini iliyoambatana na kipokezi cha seli T.

#42 | Kichwa Ngumu
Na ukiibonyeza PD-1 mwili mzima, kirusi kinachosinzia kitakuaje? Anayefanya jaribio hilo anipe takwimu za maambukizi, si za viungo peke yake.

#43 | Binti Limfu
Mimba je? Nusu ya protini za mtoto ni za baba, na kondo limejaa PD-L1. Panya waliozibwa PD-L1 wakiwa na mimba walipoteza watoto wengi zaidi. Hapo hakuna kirusi, hakuna seli iliyovuja thaimasi, kuna mgeni kabisa anayetakiwa kuvumiliwa. Fundi na Kichwa Ngumu wote wawili, niwekeeni hilo kwenye hesabu zenu.

#44 | Mtoto wa Juzi
Dada usiwape mapya, mtihani ni kesho.